Mchezo wa Kukopia: Nani Anakula, Nani Anapoteza?

Ndugu wazazi, na ninyi vijana wetu, sisi wote tunajua ile nyumba ndogo ya birotiki kando ya barabara. Ndani kuko ordinatere moja ao mbili, mashini ya fotokopi, na kijana mmoja mwenye kujua kazi. Mtoto anafika na flashi yake, anatoa franka kidogo, na kiisha dakika chache anarudi nyumbani na filme, nyimbo, hata mchezo mzima wa ordinatere. Baba akimuuliza, anajibu: "Baba, bantu bote banafanya vile. Bale benye kutengeneza beko Bulaya, beko na makuta mingi. Habatasikia hata kidogo."

Baba ananyamaza. Wewe ungemjibu namna gani? Je, ni kweli ya kwamba mwenye kutengeneza mchezo hasikii kitu? Wenye elimu nao wamejiuliza swali hili na kuhesabu kwa miaka mingi. Majibu yao hayampi mtoto haki yote, lakini hayawapi makompani haki yote vilevile. Tuyaangalie polepole.

MTEGO WA NDUGU WAWILI

Katika mwezi wa 4 wa mwaka 2013, ndugu wawili wa tumbo moja, Patrick na Daniel Klug, walianza kuuza mchezo wao wa kwanza. Jina lake ni Game Dev Tycoon. Ndani ya mchezo huu mchezaji anafungua kompani ndogo ya kutengeneza michezo ya ordinatere. Anaandika watu kazi, anauza, anapanuka. Bei ilikuwa karibu dola 8.

Ndugu hawa walijua ya kwamba watu wataukopia bila kulipa. Basi wakafanya werevu. Siku ileile ya kuanza kuuza, wao wenyewe waliweka kopi ya bure kule kwenye intaneti ambako watu wamezoea kuchukua vitu vya wizi. Lakini ndani ya kopi hiyo walibadilisha jambo moja. Mchezaji akiisha kuendelea vizuri kwa saa chache, anapokea habari ya kwamba watu wengi wanakopia michezo yake na hawalipi. Toka hapo makuta yake yanapunguka, yanapunguka, mpaka kompani yake inaanguka.

Jioni wakahesabu. Watu waliocheza walikuwa 3,318. Walionunua: 214 tu. Wale wengine 3,104 walichukua kopi ya bure. Ni kusema, katika watu 100, zaidi ya 93 hawakulipa. Kiisha wengine wa hao 3,104 wakaanza kuandika malalamiko: mbona watu wanaiba michezo yangu, nifanye nini nisifilisike? Walililia kompani yao ya kuchezea tu. Hawakuona ya kwamba wanajisema wao wenyewe.

HESABU YA HARAKA NA HESABU YA KWELI

Sasa chukua kalamu. Kopi 3,104, kila moja dola 8: inafika karibu dola 25,000 kwa siku moja. Hivi njo makompani mengi yalivyozoea kuhesabu. Kwao, kila kopi ni mnunuzi mmoja aliyepotea.

Lakini tuseme kweli. Yule mtoto wa birotiki, kama angekosa kopi, angelipa dola 8? Angezitoa wapi? Angekwenda kucheza mpira tu. Kopi yake si mauzo yaliyopotea, kwa sababu mauzo yenyewe hayangekuwako.

Kompani moja ndogo ya Marekani, Reflexive, ilikuwa na nafasi ya kupima jambo hili. Iliuza mchezo unaoitwa Ricochet Infinity. Mwaka wa 2008 mkubwa wa mauzo wa kompani hiyo, Russell Carroll, alieleza ya kwamba katika watu 100 waliokuwa wakicheza, 92 walikuwa na kopi ya wizi. Mara kwa mara kompani ilifunga njia moja ya wezi, kiisha ikaangalia mauzo yameongezeka namna gani. Mwishoni ikapata hesabu hii: kwa kila kopi 1,000 za wizi walizozuia, walipata mnunuzi mmoja zaidi. Elfu moja kwa moja!

Huko Ulaya nako, Tume ya Ulaya iliagiza uchunguzi mkubwa. Kompani ya Ecorys iliuliza watu karibu 30,000 katika nchi sita, ndani yake Ufaransa, Uingereza, Ujerumani na Polonia. Kazi ilimalizika mwaka wa 2015, lakini ripoti ilibaki katika sanduku mpaka 2017, wakati mbunge wa Ulaya Julia Reda alipoidai. Wachunguzi hawakuona ushuhuda wa nguvu ya kwamba kukopia kunaua mauzo kwa jumla, isipokuwa kwa filme mpya kabisa. Upande wa michezo, waliona hata dalili ya kwamba wengine wanaokopia wanafika kununua zaidi, ingawa wao wenyewe walionya ya kwamba hesabu yao inaweza kupita huku ao huku.

Vijana wangu, ninaona mnachekelea. Ngojeni kwanza.

HASARA IKO, NA IKO MWANZONI

Mwaka wa 2024 ulitoka uchunguzi wa William Volckmann, mtaalamu wa Marekani. Aliangalia michezo 86 ya ordinatere iliyokuwa na kufuli linaloitwa Denuvo. Hili si kufuli la chuma. Ni programu inayojificha ndani ya mchezo na kuuliza: wewe umenunua kweli? Wezi wanalivunja, lakini siku ya kulivunja inatofautiana. Mchezo mmoja unavunjwa kwa siku chache, mwingine kwa miezi. Kwa njia hii aliweza kulinganisha.

Alichokiona ni hiki. Kufuli likivunjwa mapema, katika juma la kwanza, mapato ya mchezo yanapunguka kwa karibu sehemu moja katika tano. Lakini kufuli likishikilia kwa majuma 12, kiisha hapo hasara karibu haiko tena.

Mama zetu sokoni wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Samaki mubichi wa kutoka Kasenga bei yake ni asubuhi. Ikifika jioni, hata ukiibiwa wawili, hasara si ileile. Mchezo wa ordinatere nao uko hivyo. Makuta mengi yanaingia katika siku za kwanza, wakati watu wana hamu. Kazi ya miaka mitatu ao mine inalipwa katika majuma machache. Mwizi akiingia asubuhi, anagusa mshahara wa watu.

Hasara nyingine haionekani katika hesabu. Mwaka wa 2006 kompani Iron Lore ya Marekani ilitengeneza mchezo Titan Quest. Kopi ya wizi ilitoka mbele ya siku ya kuuza. Ndani ya mchezo mlikuwa mlinzi wa siri, na akigundua ya kwamba kopi si ya halali, mchezo unakatika ghafula. Wenye kopi ya wizi hawakuelewa. Wakatangaza kila mahali ya kwamba mchezo ni mubovu, unaanguka-anguka. Watu waliotaka kununua wakasikia sifa hii mbaya na kurudi nyuma. Mwaka wa 2008 Iron Lore ikafunga milango, maana ilikosa makuta ya kuanza kazi nyingine. Hatusemi ya kwamba wizi peke yake ulifunga kompani ile. Lakini Michael Fitch, aliyeshughulikia mchezo huu kwa upande wa kompani iliyoutoa, alilalamika wazi juu ya sifa ile mbaya iliyoletwa na watu ambao hawakulipa hata senti moja.

KUFULI LINALOMPIGA MWENYE NYUMBA

Basi makompani yafanye nini? Mengi yaliongeza makufuli. Matokeo yake mara nyingine yalikuwa ya kuchekesha, mara nyingine ya kuhuzunisha.

Mwaka wa 2008 mchezo Spore ulitoka na sheria kali: mnunuzi aliweza kuuweka katika ordinatere tatu tu, kiisha hapo aombe ruhusa. Wanunuzi wakakasirika, maelfu wakauandikia alama ya chini kabisa kule ulikouzwa. Na wezi? Mwaka ule njo mchezo uliochukuliwa kwa wizi kupita yote, kadiri ya mara 1,700,000, kwa hesabu ya TorrentFreak, wanaofuata mambo hayo.

Mwaka wa 2010 kompani Ubisoft iliuza Assassin's Creed II kwa sharti hili: ordinatere iwe imeungwa na intaneti wakati wote wa kucheza, hata kama mtu anacheza peke yake. Katika mwezi wa 3 watu wabaya walishambulia mashini za kompani, na wenye kununua kwa makuta yao wakabaki nje ya mchezo wao. Fikiri sasa nyumba zetu, ambako umeme unakatika na intaneti inanunuliwa kidogo kidogo. Sharti kama hilo ni kusema: ninyi hamuhusiki.

KIJANA WA SOKO LA WARSZAWA

Katika zile nchi sita zilizoulizwa, tulitaja Polonia, nchi alikozaliwa Papa Yohane Paulo wa Pili. Habari yake inatugusa, kwa sababu soko la michezo la kule lilikuwa kama birotiki zetu.

Utawala wa kikomunisti uliisha kule mwaka wa 1989. Mishahara ilikuwa midogo, na bei za michezo ya nchi tajiri zilikuwa nzito. Mpaka mwaka wa 1994 hata sheria ya kulinda programu za ordinatere haikuwako. Katika mji mkubwa Warszawa, kila mwisho wa juma watu walikusanyika kwenye soko la ordinatere, na michezo ya kukopia iliuzwa wazi kama nyanya. Kati ya wauzaji alikuwa kijana wa masomo, Marcin Iwiński.

Mwaka wa 1994, yeye na mwenzake wa masomo Michał Kiciński waliacha njia ile. Wakafungua kompani, CD Projekt, wakianza na chumba cha kuazimwa. Walitaka kuuza michezo ya halali mahali ambapo kila mtu amezoea kopi. Watu wengi wangesema ni wazimu. Nani atanunua, na kopi iko pale kwenye meza ya jirani?

Mwaka wa 1999 walichukua mchezo mkubwa wa Amerika, Baldur's Gate, wakautafsiri wote katika Kipolandi. Wakatafuta waigizaji wanaopendwa katika nchi yao, kama Piotr Fronczewski, watoe sauti zao. Ndani ya sanduku wakaweka ramani, kitabu cha sheria za mchezo, na CD ya muziki. Mchezo wenyewe ulikuwa na CD tano, kwa hiyo hata mwizi alilazimika kuuza CD tano. Bei ya wizi ikapanda, ikaanza kukaribia bei ya halali. Siku ya kwanza waliuza masanduku 18,000.

Wanunuzi hawa ni watu walewale wa soko la kopi, na mishahara ilikuwa ileile. Lakini safari hii mtu alikuja kwao na lugha yao, na bei iliyofikirika, na kitu ambacho kopi haikuwa nacho. Gabe Newell, mkubwa wa kompani Valve ya Marekani, amerudia maneno karibu na haya: wizi mara nyingi hautoki kwa bei tu, unatoka kwa huduma mbaya. Pale ambapo mwizi anatumikia watu vizuri kupita mwenye mali, watu wanakwenda kwa mwizi.

Toka kuuza michezo ya wengine, CD Projekt ikaanza kutengeneza ya kwake. Mwaka wa 2007 ilitoa The Witcher, mchezo uliotoka katika vitabu vya Andrzej Sapkowski, mwandishi wa nchi ileile. Mwaka wa 2008 ikafungua duka la intaneti, GOG, linalouza michezo bila kufuli lolote.

Na wizi? Haukuisha. Sehemu ya pili ya The Witcher ilitoka mwaka wa 2011. Iwiński mwenyewe alikadiri kopi za wizi karibu 4,500,000, na zilizouzwa zaidi ya 1,000,000. Kompani ikakasirika, na huko Ujerumani watu wakaanza kupokea barua za kudaiwa makuta mengi. Wachezaji wakalalamika, wakiogopa ya kwamba wasio na kosa watasumbuliwa. Mwanzoni mwa 2012 kompani ikaziacha barua hizo. Sehemu ya tatu ikatoka mwaka wa 2015, na katika duka la GOG iliuzwa bila kufuli. Mwaka wa 2023 kompani ilitangaza ya kwamba, kwa mashini za kila namna, zimeuzwa zaidi ya kopi milioni 50. Kijana wa meza ya kopi alifika kuandika vijana wa nchi yake kazi. Isingewezekana kama watu wa Polonia hawangekubali siku moja kulipa.

WACHIMBAJI NDANI YA ORDINATERE YAKO

Turudi sasa kwa mtoto wetu na flashi yake. Kuna mwingine anayepoteza, na huyu yuko nyumbani mwetu.

Mwaka wa 2021 kompani Avast, inayolinda ordinatere, ilionyesha programu mbaya inayoitwa Crackonosh. Ilikuwa imefichwa ndani ya kopi za wizi za michezo maarufu, kama Grand Theft Auto V na The Sims 4. Ukiiweka, inazima ulinzi wa ordinatere yako, kiisha inaanza kuchimba. Ndiyo, kuchimba! Inatumikisha mashini yako usiku na mchana kutafuta makuta ya intaneti yanayoitwa Monero, na faida yote inakwenda kwa mwizi mbali. Iligusa ordinatere zaidi ya 222,000 katika dunia, na wenyewe walivuna zaidi ya dola milioni 2. Sisi watu wa migodi tunajua uchungu wa kuchimba wakati mwingine anakula. Mchezo wa bure ulilipwa kwa umeme wa watu, na kwa mashini zilizochoka kabla ya wakati.

TUTAFANYA NAMNA GANI?

Wengine watasema: basi maskini asicheze? Hapana. Kuko njia ya wazi.

Kuko michezo ambayo wenye kuitengeneza wametoa ruhusa kwa maandishi: chukua, cheza, kopia, gawia jirani. The Battle for Wesnoth, SuperTux na 0 A.D. ni kati yake. Kwa watoto wadogo kuko GCompris, iliyoanzishwa na Mfaransa Bruno Coudoin, yenye michezo mingi ya kujifunza kuhesabu, kusoma, na kutumia ordinatere. Ukiichukua mahali pa wenyewe, mwenye birotiki anaweza kuiweka katika flashi mia bila kumnyima mtu mshahara wake. Mzazi anaweza kumwambia: "Mutoto wangu, unitiliye ile ya ruhusa."

Tena, michezo mingi ya bei inashushwa sana kiisha miezi. Kijana anayengoja anapata kitu kilekile kwa bei ndogo. Na anayepata kazi siku moja, akumbuke kulipa.

Neno hili la mwisho si dogo. Mwaka wa 2010 watengenezaji wadogo waliunganisha michezo yao katika furushi moja, Humble Indie Bundle, wakasema: lipa unachotaka, hata senti moja. Watu wengi walilipa vizuri, ikapita dola milioni 1, na sehemu ikaenda kwa kazi za huruma. Lakini wenyewe walikadiri ya kwamba katika kila kopi nne, moja ilichukuliwa bila kulipa hata ile senti. Hapa umaskini si sababu tena. Ni mazoea. Mkono uliozoea kuchukua hauulizi bei.

Kwa hiyo, baba akiulizwa tena, anaweza kujibu hivi: "Mutoto wangu, kopi yako moja haitaangusha kompani ya Bulaya, hapo unasema kweli. Lakini wewe unataka siku moja kutengeneza kitu kwa akili yako, hapa kwetu, na kulipwa. Jirani zako watakulipa namna gani, kama toka utoto hawajaona mtu akilipa kazi ya akili?"

Maswali ya kuzungumza katika jamaa na katika kikundi cha vijana:

1. Katika ordinatere ao simu yetu, ni vitu gani tulivyopata kwa ruhusa, na ni vipi bila ruhusa?
2. Kama kijana wa parokia yetu angetengeneza mchezo katika Kiswahili chetu, bei gani ingefaa, na nani kati yetu angeinunua?
3. Mwenye birotiki naye analisha watoto. Anaweza kubadilisha kazi yake namna gani, bila kupoteza wateja?